Bukoba na Muleba: mgomba wadai potashi, duka lauza DAP

Wafanyabiashara wa pembejeo wanaofikiria kufungua au kupanua maduka katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, watafanya vyema wasiige mpango wa biashara wa Mbeya, Iringa au Ruvuma. Kule mteja analima mahindi. Ananunua DAP ya kupandia na urea ya kukuzia, na duka lenye bidhaa hizo mbili linaweza kuendesha maisha yake. Huku magharibi mwa Ziwa Victoria mteja ana migomba, mibuni ya robusta na maharage katika shamba moja, mara nyingi lisilofika hekta moja, na udongo wake unapungukiwa na kitu kingine.

Kitu hicho ni potashi. Mgomba huila kuliko kirutubisho kingine chochote, na hakuna hata chembe yake ndani ya mfuko wa DAP wala wa urea.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye mtaji. Mkulima akishauriwa kununua mfuko usiofaa, msimu wa kwanza ataona majani yamekuwa ya kijani zaidi na mkungu haukuongezeka uzito. Msimu wa pili harudi dukani. Maneno huenda haraka kijijini, na duka linabaki na shehena iliyonunuliwa kwa mkopo.

Kibanja na rweya

Ili kuelewa soko hili ni lazima kwanza kuelewa jinsi rutuba ilivyopatikana bila duka. Udongo wa mwambao wa Bukoba na Muleba umetokana kwa sehemu kubwa na mawe ya mchanga, ni wa zamani sana, una tindikali, na umesafishwa na mvua ambayo karibu na ziwa hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Mtu akiutazama ukiwa wazi, kwenye mbuga za nyasi ambazo Wahaya huziita rweya, hawezi kuamini kuwa hatua mia chache kutoka hapo kuna migomba iliyoshikana mpaka jua halifiki chini.

Migomba hiyo iko ndani ya kibanja, yaani shamba linalozunguka nyumba. Rutuba ya kibanja ilitengenezwa kwa mikono. Ng'ombe walichunga rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na samadi yao ikaingia migombani. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Jivu la jikoni, maganda ya ndizi na takataka zote za nyumba zilirudi humo humo. Kwa lugha ya wahasibu, rweya ilikuwa ikikatwa kodi kila siku kwa faida ya kibanja, na hapakuwa na aliyeirudishia kitu.

Mpango huo ulitegemea ng'ombe wengi na nyasi za bure. Vyote viwili vimepungua. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua mifugo mingi ya Buhaya, na ingawa ng'ombe walirudi baadaye, watu waliongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Ardhi ya rweya iliyokuwa ya wote imekuwa ikigawiwa, mahali pengine imepandwa mikaratusi na misonobari, mahali pengine chai. Nyasi zilizokatwa bure sasa katika vijiji vingi zina mwenyewe na zina bei. Kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja.

Matokeo yake yamepimwa. Utafiti wa F. P. Baijukya na mwenzake B. de Steenhuijsen Piters, uliochapishwa mwaka 1998, ulikokotoa mizania ya virutubisho katika mashamba ya Bukoba. Kaya zenye ng'ombe ziliweza kuingiza katika kibanja zaidi ya zilichotoa. Kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa zikila mtaji. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Anna Tibaijuka alikuwa amekwisha kuandika tasnifu nzima kuhusu kuporomoka kwa mashamba ya migomba na kahawa ya mkoa huo na sababu zake za kiuchumi. Kwa hiyo habari hii si ngeni. Kilicho kigeni ni idadi ya watu wanaotaka kuuza dawa yake.

Hesabu ya lori moja

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kibanja ni rahisi kuliandika. Tani moja ya mikungu ya ndizi huondoka shambani na takriban kilo 4 hadi 6 za potasiamu, kilo 1.5 hadi 2 za naitrojeni, na fosforasi isiyofika nusu kilo. Mfanyabiashara anayepakia lori la tani 10 kwenda Mwanza au mbali zaidi amebeba, pamoja na ndizi zake, kati ya kilo 40 na 60 za potasiamu na kilo 15 hadi 20 za naitrojeni za Muleba. Ndizi inayoliwa nyumbani huacha maganda yake kibanjani. Inayouzwa mjini huacha maganda yake katika jalala la mji.

Sasa ichukuliwe mifuko ya dukani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, sawa na kilo 10 za fosforasi yenyewe. Mfuko wa mbolea ya potashi aina ya MOP una kilo 30 za potashi, sawa na kilo 25 za potasiamu yenyewe. Kulipia lori hilo moja kunahitaji takriban mifuko miwili ya MOP, mfuko mmoja wa urea usiojaa, na nusu mfuko wa DAP au pungufu. Mkulima akinunua mfuko mmoja wa DAP, kama anavyoshauriwa mara nyingi, amerudisha fosforasi mara mbili ya ile iliyoondoka, naitrojeni nusu, na potasiamu sifuri.

Majaribio yaliyofanywa Uganda, Kawanda na Ntungamo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, yalielekeza upande huo huo. Migomba ya nyanda za juu ilizuiwa kwanza na upungufu wa potasiamu, kisha fosforasi, na naitrojeni ilikuja nyuma ya hizo. Ntungamo haiko mbali na mpaka wa Kagera, na mgomba ni ule ule.

Hii haina maana kwamba DAP haina kazi. Maharage yanayopandwa kati ya migomba na kwenye mashamba ya nje yanahitaji fosforasi, na udongo wenye tindikali wa Bukoba huishika fosforasi usiiachie kwa urahisi. Lakini maharage ni mteja mdogo ndani ya kibanja. Bwana mwenye nyumba ni mgomba.

Mbunga, nao, una hasara yake ambayo haizungumzwi sana: robusta ya Kagera huuzwa kwa wingi ikiwa kavu na ganda lake, ile inayoitwa kahawa ya maganda. Gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa takriban kilo 50 za kahawa safi. Zilizobaki ni makapi, yenye potasiamu na naitrojeni ndani yake, nayo hubaki kinuni. Kwa maneno mengine, mkulima husafirisha kwa gharama zake nusu gunia la mbolea kila anapopeleka gunia la kahawa, na hakuna anayemlipa kwa nusu hiyo.

Hapa kuna nafasi ambayo mwenye gari anaweza kuitazama kwa makini. Gari linaloshusha maganda kiwandani lina safari ya kurudi vijijini. Makapi hayana uzito wa kutisha, ila yanachukua nafasi, hivyo biashara hii inafaa umbali mfupi tu. Sharti moja lisisahauliwe: mnyauko fuzari wa mibuni uliingia Kagera mwaka 1997 na ukaua robusta nyingi, na makapi yaliyotoka kwenye mibuni yenye ugonjwa ni njia mojawapo ya kuusambaza. Makapi yaozeshwe kwanza yawe mboji, na yasimwagwe mabichi chini ya mibuni.

Samadi ina bei gani?

Swali hili huulizwa mara chache kwa sababu samadi haina nembo wala risiti. Hata hivyo inaweza kupewa bei. Serikali iliporudisha ruzuku katika msimu wa 2022/2023, mfuko wa urea na wa DAP uliwekwa takriban Sh. 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa, bei ambayo ilikuwa karibu nusu ya ile ya soko baada ya mbolea kupanda duniani. Tukichukua Sh. 70,000 kama kipimo, kilo moja ya naitrojeni katika urea iligharimu takriban Sh. 3,040. Katika DAP, ukiondoa thamani ya naitrojeni yake, kilo moja ya fosfeti iligharimu karibu Sh. 1,850.

Tani moja ya samadi kavu, iliyotunzwa chini ya paa, huwa na kilo 10 hadi 20 za naitrojeni na potasiamu isiyo mbali na hapo. Tuseme kilo 15. Naitrojeni peke yake ina thamani ya zaidi ya Sh. 45,000 kwa bei ile ya ruzuku, na potasiamu ni nyongeza ya bure. Si naitrojeni yote inayopatikana msimu wa kwanza, ila ile iliyobaki haipotei yote, na samadi huufanya udongo wa mchanga ushike maji na virutubisho, kazi ambayo urea haiwezi. Mnunuzi aangalie kitu kimoja tu kabla ya kutoa pesa: samadi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Anayenunua pikapu ya samadi iliyolowa amenunua mvua.

Samadi iliyolala juani na kunyeshewa hupoteza naitrojeni nyingi hewani na potasiamu nyingi kwa maji. Ndiyo maana ng'ombe wa kufugwa bandani, walioenezwa Kagera na miradi kama KALIDEP na mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, wameonekana na wakulima wengi kuwa ni kiwanda cha mbolea kinachotoa maziwa. Mtamba bora ni ghali, na chakula chake kinategemea majani ambayo nayo yanataka ardhi. Kwa hiyo ng'ombe hawatarudi kwa kila mwenye kibanja, na pengo linalobaki ndilo soko lenyewe.

Bidhaa mpya zilizoingia

Katika pengo hilo zimeingia bidhaa za kila namna: bakteria wa kuchanganya na mbegu, maji ya kunyunyizia majani, unga wa kuamsha udongo, vimiminika vya asidi ya hyumiki, mbolea za mwamba. Nyingine ni nzuri. Nyingine ni chupa.

Kipimo kikubwa zaidi cha bidhaa hizi katika Afrika kilianza mwaka 2009 kupitia mradi wa COMPRO, uliogharamiwa na taasisi ya Bill & Melinda Gates. Awamu ya kwanza ilipima zaidi ya bidhaa 100 katika Kenya, Ethiopia na Nigeria. Zilizoonyesha faida ya kueleweka kwa mkulima mdogo zilikuwa chache mno, na zilizojitokeza wazi ni bakteria wa raizobia kwa mazao ya mikunde, hasa soya. Awamu ya pili, iliyoanza 2012 chini ya IITA, iliingiza Tanzania, Uganda na Ghana, na ilishughulika pia na namna ya kusajili na kudhibiti bidhaa za aina hiyo.

Bakteria wa raizobia hukaa katika vinundu vya mizizi na kuchota naitrojeni hewani. Si kitu kipya kabisa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilitengeneza Nitrosua kwa ajili ya soya miaka mingi iliyopita. Kenya inatengeneza Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuuzwa na kampuni ya MEA. Pakiti ndogo hutosha kilo kadhaa za mbegu, na ukilinganisha na mfuko wa urea bei yake ni ya kuvutia.

Lakini Bukoba na Muleba hazilimi soya kwa kiwango cha kusimamisha biashara. Zinalima maharage, na maharage ni mkunde mvivu katika kazi hii. Tayari udongo una bakteria wa asili wanaoingia katika mizizi yake, hivyo wale wa pakiti hukuta viti vimekaliwa. Penye tindikali kali na fosforasi haba, bakteria hata wawe bora namna gani hawafanyi kazi ya maana. Mfanyabiashara anayeleta bidhaa hii aiuze pamoja na fosforasi, tena kwa wakulima wa soya na wale wa maharage walio tayari kuijaribu kwenye tuta moja kwanza. Jambo la pili linamhusu yeye mwenyewe: pakiti hiyo ina viumbe hai. Ikikaa kwenye rafu linalopigwa na jua, au ikisafiri siku mbili juu ya paa la basi, inafika imekufa, na kwa macho haitofautiani na iliyo hai. Vile vile haichanganywi na mbegu iliyopakwa dawa ya kuua kuvu wala haiguswi na mbolea ya chumvichumvi. Duka lisilo na mahali penye ubaridi lisinunue ya msimu mzima.

Mbolea za maji za kunyunyizia majani zinahitaji hesabu fupi. Lita moja ya bidhaa yenye asilimia 20 ya naitrojeni ina robo kilo ya naitrojeni au pungufu. Ili kuufikia mfuko mmoja wa urea zingehitajika lita zipatazo 100. Kwa hiyo chupa ya lita moja haiwezi kuchukua nafasi ya mfuko, hata kama picha iliyoko juu yake inaonyesha mkungu wa kupita urefu wa mtu. Kazi yake halali ni kutoa virutubisho vinavyotakiwa kwa gramu, kama zinki na boroni, kwenye kahawa iliyoonyesha upungufu. Mwuzaji anayesema hivyo kwa mteja atauza chupa chache mwaka huu na atakuwa bado dukani mwaka ujao.

Bidhaa inayolingana vizuri zaidi na udongo wa huku imetoka nchini. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ni mabaki ya ndege wa majini wa kale. Katika udongo usio na tindikali huyeyuka kidogo sana, jambo lililofanya wakulima wengi wa mikoa mingine waione kama vumbi. Katika udongo wenye tindikali na mvua nyingi, yaani hasa hali ya Bukoba na Muleba, huyeyuka, tena hutoa na kalisi inayopunguza ukali wa udongo. Minjingu Mazao, iliyoongezwa naitrojeni na madini mengine kidogo, ina asilimia 10 ya naitrojeni na 20 ya fosfeti. Kasoro yake kwa mgomba ni ile ile ya DAP. Potashi haimo, na itabidi itoke penginepo: MOP, NPK, samadi, makapi au jivu.

Bidhaa yoyote ile, mpya au ya zamani, inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwakala anayeletewa mzigo wa bei nafuu usio na namba ya usajili akumbuke kwamba mkaguzi atamkuta yeye na wala si aliyemletea. Kufungua mfuko na kuuza kwa kopo nako kunakatazwa, na kuna sababu: mfuko ukifunguliwa hakuna anayejua tena kilichomo, na urea hunyonya unyevu wa Bukoba ikawa mawe kabla ya mwezi kwisha. Wateja wa huku wanataka kilo 5 na 10. Dawa ni kuagiza vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani.

Tahadhari kwa wenye kahawa hai

Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, KCU, kimeuza kahawa kwa mfumo wa Fairtrade kwa miaka mingi, na baadhi ya vyama vyake vya msingi vimesajiliwa kwa kilimo hai. Mkulima aliye katika orodha hiyo haruhusiwi kutumia urea, DAP wala mbolea yoyote ya chumvichumvi yenye naitrojeni ya kiwandani. Minjingu Mazao nayo imo katika marufuku hiyo kwa sababu ya naitrojeni yake, wakati fosfeti ya Minjingu isiyochanganywa ni madini ya asili na kwa kawaida hukubaliwa. Bakteria wa raizobia na samadi ya nyumbani hukubaliwa pia.

Muuza duka asiyeuliza swali hili moja anaweza kumsababishia mteja wake hasara kubwa kuliko bei ya mfuko. Kilimo hai hukaguliwa kwa kikundi. Shamba moja likikutwa na urea, kahawa ya kikundi kizima inaweza kupoteza cheti na nyongeza ya bei iliyofuatana nacho. Kwa upande mwingine, wakulima hawa ndio wateja wa uhakika wa mboji, makapi yaliyooza na fosfeti ya asili, na hakuna maduka mengi yanayowahudumia.

Pesa ziko wapi, na lini

Kahawa ya robusta huvunwa na kuuzwa kuanzia Mei au Juni na kuendelea katikati ya mwaka. Mvua za vuli huanza Septemba. Hivyo kati ya Agosti na Septemba mkulima ana pesa mkononi na anaandaa shamba, na huo ndio wakati mfuko unauzika kwa fedha taslimu. Mvua za masika, kuanzia Februari mwishoni au Machi, humkuta katika hali tofauti: ada za Januari zimekwisha kumaliza akiba na kahawa iko bado mtini.

Hapo ndipo butura inapoingia, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini kwa mlanguzi anayetoa pesa leo na kuja kuvuna kesho kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu anayeuza hana mahali pengine pa kukopa kwa haraka. Kwa soko la mbolea, butura ni sumu. Mkulima aliyekwisha kuuza kahawa ya mwaka huu hana sababu ya kuitia mbolea, maana nyongeza yote ya mavuno ni ya mlanguzi. Duka linalokopesha mifuko Februari bila kujua kama mteja ameshaweka kibuni chake rehani linakopesha hewa.

Bei ya kahawa yenyewe ndiyo inayoamua zaidi ya matangazo yote. Mwaka 2001 robusta ilishuka London hadi chini ya dola 500 kwa tani, na hakuna mbolea ya kununuliwa ambayo ingeweza kulipa. Mwaka 2024, baada ya ukame Vietnam, ilipita dola 5,000. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mkulima mdogo huanza kushawishika pale shilingi moja ya mbolea inaporudisha mbili. Kwa bei ya 2001 hesabu hiyo ilishindikana. Kwa bei ya 2024 ilitimia hata kwa mfuko usio na ruzuku, mradi uwe na kirutubisho kinachokosekana.

Ndizi haina bei ya London, ila ina ugonjwa wake. Mnyauko wa bakteria uligunduliwa Muleba mwaka 2006, na shamba lenye ugonjwa hung'olewa migomba. Mbolea iliyowekwa katika shamba lisilosafishwa maua dume kwa wakati, ambamo kisu kimoja hutumika bila kuchomwa moto kutoka shina hadi shina, ni pesa iliyofukiwa. Anayekopesha pembejeo kwa vikundi ana haki ya kwenda kuangalia migomba kwanza.

Kwa anayeagiza shehena ya vuli, mzigo unatoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,400, iwe kwa barabara moja kwa moja au kupitia Mwanza na ziwani. Nauli ya mfuko wa MOP ni ile ile ya mfuko wa DAP. Oda inayofika Bukoba katikati ya Oktoba imeikosa mvua ya kwanza na imezikosa pesa za kahawa, na italala ghalani hadi masika. Mwenye duka anayetaka MOP au NPK yenye potashi iwe rafuni mwishoni mwa Agosti anatakiwa awe amelipia Juni, wakati magunia ya kwanza ya maganda yanapoanza kushushwa kwenye vyama vya msingi.